Tamka Jina Lako Kamili

Jina lake halitaandikwa hapa. Liliondoka na binti wa dada yake, siku binti yule alipofariki hospitalini mjini Alice baada ya kujifungua. Binti alikuwa wajina wake, kwa hiyo yeye mzima akabaki bila jina. Kwetu jangwani ndivyo ilivyo. Mtu akifa jina lake linawekwa chini, na kila aliye nalo analiweka chini pia, mpaka wafiwa wenyewe waseme limepoa. Kwa muda wote huo wajina wa marehemu huitwa Kunmanara, awe mwanamume au mwanamke. Anayelitamka lile jina mbele ya mama mfiwa anampasua kifua, na marehemu naye anamkwamisha njiani, maana aliyeitwa hugeuka.

Basi Kunmanara alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya serikali pale kijijini Walputjara, na mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Juu ya mnyororo palibandikwa tangazo la rangi lenye familia inayocheka meno yote nje: TUMEHAMIA MTANDAONI ILI TUWE KARIBU NAWE ZAIDI.

"Karibu wapi?" aliuuliza mlango. Mbwa aliyelala kivulini alifumbua jicho moja, akalifumba.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kile kichanga. Mtoto wa kike, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, sasa amenenepa na madaktari wanasema aende kwao. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na mtoto wake ni mjukuu wako, hakuna wa kujadili. Lakini watu wa ustawi wa jamii walijadili. Wipana, dada yake Kunmanara, bibi wa mtoto hasa, walimkataa kwa umri na kwa sukari. Kunmanara wakamkubali. Mwanamke mmoja alimwambia kwa simu, kwa sauti tamu kama ya mtu anayeuza sabuni, "Bado jambo dogo tu, mama. Jithibitishe kwenye mfumo kabla ya Ijumaa. Ikishindikana mtoto atakwenda Adelaide kwa familia ya muda."

Familia ya muda! Hakuna nyumba Walputjara isiyojua muda huo una urefu gani. Wapo waliopelekwa kwa muda wakiwa wananyonya, wakarudi na mvi, wakiulizia kaburi la mama kwa lugha ambayo mama hakuijua.

Alikwenda kwenye simu ya kadi iliyoko ubavuni mwa duka, akapiga namba iliyoandikwa chini ya ile familia ya meno. Muziki ulilia sikioni mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha kijana wa kiume akapokea.

"Tafadhali taja jina lako kamili."

"Kunmanara."

"Kunmanara nani?"

"Kunmanara tu, mwanangu."

Vidole viligonga huko aliko. "Simwoni Kunmanara kwenye mfumo. Hilo ni jina la kwanza au la ukoo?"

"La msiba."

"Samahani?"

"Tuna msiba. Jina langu limewekwa chini. Angalia tarehe yangu ya kuzaliwa, angalia Walputjara, utaniona. Ukiniona, usilitaje. Andika Kunmanara pembeni."

"Hakuna pembeni, mama. Ni kompyuta."

Kunmanara aliitazama simu kama aliyetemewa mate. Karatasi za Bi Lorraine, karani wa zamani wa ile ofisi iliyofungwa, zilikuwa na pembeni. Bi Lorraine alikuwa mzungu, na lugha yetu aliiongea kama mtu anayetafuna changarawe, lakini kila ulipoingia ofisini kwake aliuliza kwanza, "Leo wewe ni nani?" Ukimwambia Kunmanara, aliandika hivyo kwa penseli, na lile jina jingine alilifunika kwa kiganja mpaka umalize kutia sahihi. Alipostaafu hawakuleta mtu. Walileta mnyororo.

"Mama, bado upo?" kijana aliuliza. "Bila jina siwezi kuendelea."

"Mimi naendelea," alisema Kunmanara, akakata.

Denise, meneja wa duka, alikuwa amesikia yote, maana dirisha lilikuwa wazi na Kunmanara akikasirika hanong'oni. Naye ni mzungu, ila jangwa lilikwisha kumkausha ngozi na kumlegeza roho. Alimwita ndani, akafungua kompyuta ya duka, wakafuata maelekezo mpaka pale pa mwisho. Palikuwa na duara jeupe, na maandishi: WEKA USO WAKO NDANI YA DUARA. TAMKA JINA LAKO KAMILI.

Wakatazamana.

"Nitalisema mimi," Denise alisema. "Mimi siko kwenye msiba wenu. Kwangu ni neno tu."

Msidhani Kunmanara alikuwa anapanga udanganyifu. Kwetu wafiwa hawachimbi kaburi, wala mama hafagii nyumba ya mwanawe aliyekufa. Yapo mambo mazito ambayo mwenyewe haruhusiwi kuyagusa, akayafanya mtu wa upande mwingine, na hapo ndipo yamefanyika sawasawa. Kwa Kunmanara, kinywa cha Denise kilikuwa ndicho kinywa halali. Serikali inayotaka kulisikia jina hilo wakati wa msiba ingelisikia kutoka kwa nani tena?

"Lakini wanataka uso wangu," alisema.

"Uso wako, sauti yangu. Subiri." Denise alijikunja chini ya kaunta, katikati ya maboksi ya tambi na magunia ya chakula cha mbwa. "Magoti yangu haya! Nikianza, fumbua mdomo."

"Nifumbue kiasi gani?"

"Kama unatafuna."

"Natafuna nini?"

"Dada, tafuna chochote! Mkia wa kangaruu! Haya, tayari?"

Kunmanara aliziba masikio kwa vidole, akauweka uso ndani ya duara, akatafuna. Mteja mmoja aliyekuja kununua unga alisimama mlangoni, akamwona mama mzima kaziba masikio anatafuna hewa mbele ya kompyuta, akarudi nyuma taratibu. Duara lilizunguka. Kisha likawa jekundu.

SAUTI NA USO HAVILINGANI. KWA USALAMA WAKO AKAUNTI IMEFUNGWA. FIKA KITUO CHA HUDUMA UKIWA NA KITAMBULISHO.

Denise alichomoza kichwa. "Wamekuona mwizi."

"Mwizi wa nani? Wa mimi mwenyewe?" Kunmanara aliipiga kaunta kwa kiganja. "Kama wangeniuliza ningewaambia! Ningesema, huyu hapa chini ndiye anayenisemea, mtazameni. Hakuna aliyejificha!"

"Mimi nilijificha kidogo," alisema Denise.

Kesho yake, Alhamisi, kabla jua halijachomoza vizuri, Kunmanara alikuwa kwenye usukani wa Toyota na Wipana kando yake. Wipana alikuwa amenyoa nywele, na kichwani amejipaka udongo mweupe wa msiba. Barabara nyekundu ilikuwa imekatika mawimbi, gari likatetemeka kama lenye homa.

"Kwa nini hawakukumalizia pale dukani?" Wipana aliuliza hatimaye.

"Mashine ilitaka nilitaje."

Wipana aligeuza kichwa polepole. "Ukasema nini?"

"Nikatafuna."

Ilibidi aeleze yote, Denise na magunia, mkia wa kangaruu, mteja wa unga. Wipana alianza kucheka. Tangu msiba uanze hakuwa amecheka, na kicheko chake kilikuwa na kutu. Alicheka mpaka akaishika dashibodi, kisha kicheko kikapinda kikawa kilio, na Kunmanara akaendesha tu, maana kilio cha namna hiyo hakikatizwi.

Kituo cha huduma cha Alice kilikuwa jengo la vioo lenye baridi kali. Kaunta hazikuwapo. Palikuwa na mashine zilizosimama kwa mstari, ndefu kama watu, kila moja na kioo chake. Ukutani walikaa watu wetu wa jangwani, kina mama, wazee wenye kofia, watoto, kila mmoja na kikaratasi cha foleni mkononi. Msichana mmoja alikuwa anapitapita, amevaa fulana iliyoandikwa NIULIZE. Kifuani lilining'inia jina lake, Tegan.

Kunmanara akamuuliza. Alieleza tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama anavyoeleweshwa mtu aliyeingia nyumba ya watu. Akaweka mkononi mwake kitambulisho chenye picha, jina akiwa amelifunika kwa kidole gumba.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

Tegan alitazama picha, akamtazama yeye. "Ni wewe."

"Basi iandikie mashine kwamba umeniona."

"Siruhusiwi kuandika, mama. Naruhusiwa kuelekeza tu." Alionyesha mashine ya pembeni. "Ile pale iko faragha. Sema kwa sauti ndogo, hakuna atakayesikia."

"Mama wa marehemu yuko hapa."

Msichana ndipo alipomwona Wipana, kichwa cheupe kwa udongo, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Uso ukamwiva. "Jamani. Poleni. Lakini si mimi niliyeitengeneza."

"Najua si wewe. Yule wa simu naye si yeye. Yule wa ustawi si yeye. Kila ninayemgusa si yeye!" Sauti ya Kunmanara ilipanda mpaka mlinzi akasogea hatua mbili. "Nani basi? Nionyesheni mtu mmoja, nimtazame usoni, aniambie yeye mwenyewe kwa kinywa chake: mwite marehemu, la sivyo mtoto hakupi mtu! Mtu mmoja tu! Mmemficha wapi?"

Mashine zilikuwa zinang'aa.

"Kunmanara," Wipana aliita kwa upole. "Wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na kesho ndiyo Ijumaa."

"Ndiyo, dada."

Wipana aliinuka akishikilia ukuta. "Mimi natoka nje."

"Dada, usi..."

"Nimesema natoka nje."

Milango ya kioo ilijifungua yenyewe, akapita. Kunmanara alimfuata kwa macho, akivuka uwanja wa magari, akipita la kwanza, la kumi, la mwisho kabisa, mpaka kwenye uzio. Pale alisimama akiwapa mgongo, akaziba masikio kwa viganja viwili.

Kunmanara akawageukia waliokaa ukutani. Alizungumza lugha yetu, kichwa chini. "Nisameheni. Naomba mtoke."

Mzee mwenye kofia ndiye aliyeanza kuinuka. Hakuuliza. Mwanamke mwenye mapacha akafuata, na wengine nyuma yake, wakaacha viti walivyovizuia tangu asubuhi, wakaacha zamu zao zipite. Kwenye kioo cha foleni namba ziliendelea kuita, na hapakuwa na wa kuitika.

Akauweka uso wake ndani ya duara. Akalitamka, kwa sauti ya mtu anayepita karibu na aliyelala.

HATUJAKUSIKIA VIZURI. TAFADHALI RUDIA KWA SAUTI ZAIDI.

Akasimama. Akalitamka tena, kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akimwitia binti yule aje ale.

TAFADHALI RUDIA KWA SAUTI ZAIDI.

Kitu fulani ndani yake kiliachia. Alilipiga kelele. Alilipiga kwa kifua kizima, kama anayeita mtu aliye upande wa pili wa mlima, na jina likagonga kioo hadi kioo, likazunguka jengo lote na kurudi masikioni mwake. Tegan aliziba mdomo kwa mkono. Nje kule kwenye uzio, mabega ya Wipana yaliruka.

Duara likageuka kijani. Na mashine, kwa sauti ya msichana mchangamfu aliyealikwa kwenye sherehe, ikasema asante, ikalitaja jina. Ikasema uthibitisho umetumwa hospitalini, ikalitaja tena. Ikaliandika kwa herufi kubwa katikati ya kioo, chini yake nyota ndogo zikirukaruka.

Kunmanara alitoka akikimbia. Alipofika kwenye gari alifungua nyuma, akatoa mtaimbo, ule wanaochimbia sungura na sisimizi wenye asali tumboni, akaenda nao mpaka kwenye uzio. Akaulaza miguuni mwa dada yake. Akapiga magoti kwenye lami ya moto na kuinamisha kichwa.

Watu wetu waliotolewa ndani walikuwa wamesimama kivulini, wanatazama. Hakuna aliyeingilia. Aliyelitaja jina mbele ya mfiwa anapigwa, na akishapigwa yameisha, hakuna kununiana. Hiyo ni sheria safi, ina mwanzo na ina mwisho.

Wipana alishusha mikono masikioni. "Mtoto?"

"Tumempata."

"Ulilisema mara ngapi?"

"Mara tatu, dada. Ikasema hainisikii. Piga."

Wipana aliuokota mtaimbo. Ulikuwa mzito, na mikono yake ilikuwa imedhoofishwa na sukari, lakini aliuinua mpaka begani. Kunmanara alifumba macho.

"Na yenyewe," alisema, uso chini, maana sheria haitaki ufiche kitu, "yenyewe nayo ililisema. Ilinishukuru kwa jina."

Wipana aligeuza macho kwenye jengo la vioo.

"Wewe ulilazimishwa na mashine," Wipana alisema. "Mashine ililazimishwa na nani?"

Kunmanara alipofumbua macho aliona nyayo za dada yake tayari zimempita. Wipana alikuwa anarudi, kavuka magari yote, mtaimbo begani, akitembea bila haraka kama anakwenda kuchimba. Milango ya kioo ilimfungukia kwa adabu.

Jina lilikuwa bado lipo kwenye kioo, na nyota zake. Wipana hakusoma shule nyingi, lakini jina hilo alilifahamu kwa umbo: ndilo alilolishona kwenye begi la binti yake siku ya kwanza ya shule. Alilitazama. Kisha akaupiga mtaimbo katikati yake. Kioo kilipasuka kwa sauti ya chupa. Akapiga tena, duara likazimika. Ya tatu aliipiga pale ilipotokea sauti, pakabaki tundu lenye nyaya.

"Hiyo ni tatu," alisema, akaegemeza mtaimbo ukutani, akakaa kwenye kiti kungoja.

Mlinzi alikuwa kasimama na mikono hewani, hajui amshike bibi wapi. Tegan alikuwa analia. Polisi walikuja wawili. Mkubwa wao, mwenye masharubu, alitoa kifaa chake cha kuandikia na kuchuchumaa mbele ya Wipana kama anayeongea na mtoto.

"Bibi, umeharibu mali ya serikali."

"Niliona."

"Kwa umri wako sitakuweka ndani leo. Utaletewa wito wa mahakama kwenye akaunti yako ya mtandaoni."

"Sina."

"Utafungua. Ni rahisi tu, utatamka jina lako kamili."

Pale ukutani, watu wetu wakiwa wamerudi ndani, mzee mwenye kofia aliangua kicheko, wengine wakamfuata, hata mapacha. Polisi alitazama huku na huku, akitafuta alichokosea.

"La kwangu naweza kulitamka," Wipana alisema. "Andika." Akalitaja lote, polepole, kwa kiburi, kwa sauti iliyojaza jengo, na hakuna aliyemwambia arudie.

Jua lilikuwa linashuka walipofika hospitalini. Muuguzi wa zamu aliwapitisha kwenye korido mbili, akafungua mlango wa chumba chenye joto na harufu ya maziwa. Kunmanara aliingia kwanza. Wazo lilikuwa limemjia ghafla huko korido, likamchoma. Watoto wa hospitali huandikwa kwa majina ya mama zao, kwenye kibao cha kitanda na kwenye kikuku cha mkononi pia. Aliharakisha, kiganja kimetangulia, ili akifunike kile kibao kabla dada yake hajafika.

Kilikuwa kimefunikwa. Mtu alikuwa amebandika kipande cha plasta nyeupe, ile ya kawaida ya vidonda, akaandika juu yake kwa kalamu: MJUKUU WA WIPANA. Kwenye kikuku cha mkononi vilevile, plasta nyembamba kama uzi.

"Nani aliyefanya hivi?" aliuliza.

"Mmoja wetu," muuguzi alisema. "Tulisikia kuna msiba. Tumekosea?"

Kunmanara alitikisa kichwa. Aliigusa plasta kwa ncha ya kidole, na hasira aliyodhani imeisha kule kwenye vioo ikapanda upya, kubwa kuliko ile ya kwanza, mpaka ikambidi ashike ukingo wa kitanda. Kipande cha plasta. Nusu kidole. Hicho ndicho walichomnyima, tangu mlangoni Walputjara mpaka hapa.

Wipana alikuwa ameshamwinua mtoto na kumlaza kifuani. Naye alikitazama kibao kwa muda mrefu.

"Kumbe wanaweza," alisema.

Akageuka na mjukuu wake, akatangulia kutoka.